Masomo kwanza, kisha nyumba, ziwa nyuma
Maneno kwa familia zinazorudi Uvira na watoto wa shule

Maneno haya tuliyasema kwenye mkutano wetu wa kuwapokea wanaorudi, majuma machache kabla ya masomo kufunguliwa. Wengi hawakufika, na wengine wangali Kigoma, Nairobi, Lusaka ao Ulaya wakitayarisha safari. Njo maana tunayaandika hapa, karibu vile tulivyoyasema.

 

Habari ya usalama wa njia hatutaizungumza leo. Ile inabadilika kila wiki, na kila mmoja wenu anajua kumuuliza jamaa yake kabla ya kufunga mizigo. Leo tuko na neno moja tu, lile ambalo kila familia inatuuliza ikifika: "Tukae kartiye gani?" Na karibu wote wanaongeza: "Tungependa karibu na ziwa. Watoto wanapenda maji."

Tunaelewa. Nani aliyezaliwa Uvira asiyependa kuamka asubuhi akaona Tanganyika mbele ya mlango, milima ya Burundi ng'ambo, na mitumbwi ikirudi na ndagala? Mtu aliyekaa miaka kumi na tano kambini, ao ghorofa ya tano kwenye nchi ya baridi, ziwa hili ndilo alilokuwa akiliota usiku. Tena ukifika mwezi wa nane, parsele za kando ya maji zinapendeza: ni tambarare, kuna upepo, mbu si wengi, na bei mara nyingi ni nafuu kuliko fasi iliyo karibu na barabara kubwa. Ukiona bei nafuu kwenye fasi nzuri namna ile, simama kwanza ujiulize sababu.

Sisi hatukusimama. Kwa hiyo tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka 2019, mwezi wa nane, komite yetu ilipokea familia kadhaa zilizotoka Tanzania. Tuliwatafutia nyumba za kupanga kwenye avenyu moja ya chini, upande wa ziwa. Tulijiona tumefanya kazi nzuri. Tulipima hata kwa miguu: kutoka ukuta wa nyuma mpaka maji, hatua sitini. Tukawaambia, "Hapa munakaa bila wasiwasi."

Mwaka uliofuata maji yalifika kwenye choo. Mwaka 2021 yaliingia jikoni. Mama mmoja kati ya wale, mwenye watoto wanne, aliamshwa usiku na mtoto wake wa tatu akisema, "Mama, maji iko inakuja mu kitanda." Akahama akaenda kwa shangazi yake, ng'ambo ya mto Mulongwe. Masomo ya watoto yakabaki upande huu. Kila mvua ilipopiga milimani, mto ulijaa, na mama akawazuia watoto kuvuka. Alifanya vizuri kuwazuia. Lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa kalasi ya sita, mwaka wa mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi. Alikosa siku nyingi, mtihani ukamshinda, akarudia mwaka mzima.

Tulipokwenda kumpa pole, yule mama hakutukasirikia. Alituambia tu: "Ninyi mulinionyesha ziwa la mwezi wa nane. Hamukunionyesha ziwa la mwezi wa tano."

Neno lile hatujalisahau. Mwaka mmoja wa mtoto ulipotea kwa sababu watu wazima walichagua nyumba kwa macho. Yote tunayowaambia leo yanatoka pale.

Ziwa la mwezi wa nane na ziwa la mwezi wa tano

Kwanza tujue ziwa letu linavyofanya kazi. Tanganyika linapokea maji kutoka Ruzizi, kutoka Malagarasi upande wa Tanzania, na kutoka mito mingi midogo inayoshuka milimani kama hii yetu. Lakini mto unaotoka ndani yake ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake inaondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo ziwa likishapanda sana, halishuki kwa juma moja wala kwa mwezi mmoja. Linaweza kuchukua miaka.

Ndani ya kila mwaka pia linapanda na kushuka. Mvua zinapoelekea kwisha, mwezi wa nne na wa tano, maji yako juu kabisa. Kiangazi chote yanashuka, na mwezi wa kumi ao wa kumi na moja yako chini kabisa. Sasa angalieni: familia nyingi zinarudi mwezi wa saba na wa nane, maana zinataka kuwahi masomo ya Septemba. Zinafika wakati ziwa linarudi nyuma na ufuko unakuwa mpana. Komisioneri anawaonyesha mchanga mkavu, na ni kweli ni mkavu. Hasemi uwongo. Anaonyesha nusu ya mwaka tu.

Na kuna mzunguko mwingine mrefu zaidi. Wazee wanakumbuka miaka ya 1960: mwaka 1964 ziwa lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Halafu likashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa chini ya pale kwa zaidi ya mita mbili. Watu wakaona ardhi mpya, wakajenga, wakauza, wakarithisha. Mwaka 2021 likapanda sana, na 2024 likafika tena karibu pale pa 1964. Hapa Uvira, Kalemie, Bujumbura, kote nyumba za ufukoni ziliingia maji. Kwa hiyo ziwa likipanda usiseme limetoka kwake na kuja kwako. Mara nyingi limerudi kwake.

Njo maana usimuulize mwenye nyumba, "Maji yanafika hapa?" Atakujibu hapana. Uliza hivi: "Mwaka 2021 mulikuwa mukilala wapi? Na 2024?" Muulize fundi wa mitumbwi, mama anayeanika ndagala, mlinzi wa parsele ya jirani. Angalia kuta: maji yanaacha mstari, rangi inapasuka chini na kubaki nzuri juu. Angalia miti iliyokauka ikiwa imesimama karibu na ufuko. Mwembe haukauki bila sababu.

Mto nao ni maji

Wengine wakisikia hivi wanasema, "Basi tutakaa mbali na ziwa." Vizuri. Lakini Uvira ni mji mwembamba, umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Ukiliacha ziwa unaikuta mito, na mito yetu haina adabu. Kiangazi unavuka kwa kuruka mawe. Mvua ikipiga kule juu, hata kama huku chini jua linawaka, unashuka ukuta wa maji, matope na mawe.

Tarehe 16 kuamkia 17, mwezi wa nne 2020, Mulongwe ulitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, na maelfu ya familia wakabaki bila makao. Walioguswa zaidi hawakuwa watu wa ufukoni peke yao. Walikuwa watu wa kando ya mto.

Kwa hiyo hapa kwetu "kando ya maji" iko na maana mbili, na mzazi anapaswa kuzipima zote mbili.

Anza na njia ya mtoto

Baada ya kosa letu tulibadilisha utaratibu. Zamani tulikuwa tukitafuta nyumba, halafu masomo. Sasa tunaanza na masomo, tunafuata njia ya mtoto, na nyumba inakuja mwisho. Tunawaomba mufanye hivyo.

Kwanza, chagueni masomo. Pili, tembeeni kwa miguu kutoka pale masomo yalipo kuelekea kila upande, dakika ishirini. Ukikuta mto, simama. Ukikuta barabara kubwa, ile Nambari 5 inayotoka Bukavu na kwenda Baraka na Kalemie, angalia malori na pikipiki vinavyopita saa moja asubuhi, watoto wanapokwenda. Tatu, tafuta nyumba ndani ya kipande kile ambacho mtoto hahitaji kuvuka mto, na ikiwezekana hahitaji kuvuka barabara kubwa peke yake.

Baba mmoja aliyerudi kutoka Norwei na watoto watatu, wa miaka 13, 10 na 7, alitubishia. Alikuwa ameona nyumba nzuri sana yenye uzio, mita chache kutoka majini, na masomo ya kulipa aliyoyataka yalikuwa upande mwingine wa mji. Akasema, "Mimi niko na gari. Watoto wangu hawatatembea." Tulimwambia: "Baba, gari linapita juu ya daraja. Siku daraja linapokatika, mwenye gari na mwenye miguu ni sawa." Akanyamaza. Kisha akauliza kitu ambacho hatukukifikiria: "Na siku ile watoto wakiwa kule, mimi nikiwa huku?" Pale pale mke wake akasema ile nyumba haitaki tena.

Tangu siku ile swali lake tumelifanya kuwa letu. Mvua kubwa ikipiga saa tano asubuhi, mtoto akiwa kalasini, nani anaweza kumfikia bila kuvuka maji? Kama jibu ni "hakuna mtu," tafuteni nyumba nyingine, ao mupate jamaa upande ule ambaye mtoto anamjua na mwalimu anamjua pia.

Robine kabla ya ufuko

Jambo la tatu ni maji ya kunywa. Kolera hapa kwetu si mgeni, inarudi kila mwaka. Utafiti mmoja uliofanyika hapa Uvira na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha jambo ambalo wamama wetu walilijua tayari: maji ya bomba yakikatika siku moja, wagonjwa wa kuhara wanaongezeka sana siku zinazofuata. Kwa nini? Kwa sababu watu wanachukua bidoni na kushuka ziwani ao mtoni.

Nyumba iliyo karibu na ziwa inakudanganya hapa. Unaona maji mengi, unafikiri shida ya maji imekwisha. Kumbe maji yale yale ndiyo yanayopokea kila kitu mvua inachokiteremsha kutoka mjini. Kwa hiyo muulize jirani: robine hii inatoa maji siku ngapi kwa juma? Saa ngapi? Ikikatika munachota wapi? Kartiye za juu mlimani mara nyingi maji yanafika kwa nguvu kidogo, hiyo nayo muipime. Popote mutakapokaa, wekeni akiba ya bidoni zenye mfuniko, chemsheni ao tieni klorini, na muangalie choo kiko wapi ziwa likipanda. Choo kikiingia maji, avenyu nzima inaugua.

Hakuna fasi isiyo na kasoro

Mutatuuliza, "Basi mutuambie kartiye moja." Hatuwezi. Ndani ya kartiye moja kuna avenyu nzuri na avenyu mbaya, zimeachana kwa mita mia moja. Tunaweza kuwaambia namna ya kuzipima.

Upande wa kaskazini, Kavimvira mpaka karibu na mpaka wa Burundi, ardhi ni tambarare na kubwa. Ni vizuri kwa mwenye biashara ya ng'ambo ao mwenye jamaa Bujumbura. Lakini fasi za chini kule zinashika maji, na ukikaribia mlango wa Ruzizi kuna matete, viboko na mamba. Si fasi ya mtoto kucheza kando ya maji.

Upande wa kusini, Kalundu, kuna bandari. Kuna kazi, kuna samaki, kuna watu wa kila lugha wanaotoka Kalemie na Kigoma. Lakini milima inakaribia ziwa sana, nyumba zinabanana, na malori ya bandari yanapita. Pale, mupime barabara kuliko kitu kingine.

Katikati ya mji masomo ni mengi na hospitali iko karibu. Lakini ndipo mito inapopita, na ndipo kodi iko juu. Huko tunasema: mukae mbali na kingo za mto, hata kama ukuta wa mawe umejengwa. Ukuta unapunguza hatari, hauimalizi.

Kwenye miteremko ya mlima ziwa unaliona lote, tena bila kulipia. Hofu pale ni mikorongo na ardhi inayoporomoka. Angalieni kama majirani wamepanda miti na kuchimba mifereji, ao kama kila mmoja anamwagia maji yake kwa mwenzake wa chini.

Sisi, kama tukilazimishwa kusema, tunapenda ule ukanda ulio juu kidogo ya barabara kubwa, mbali na mto, chini ya mteremko mkali. Hauna ufuko. Lakini kutoka pale mtoto anaweza kushuka ziwani Siku ya Mungu pamoja na baba yake, na Siku ya Kwanza akaenda masomo na miguu mikavu.

Upande wa masomo yenyewe

Watoto waliosoma Nyarugusu walifuata programu ya Kongo kwa Kifaransa, hawa wanaingia bila shida kubwa. Lakini waliosoma Dar es Salaam, Nairobi ao Lusaka wamesoma kwa Kiingereza ao Kiswahili, na wa Ulaya kwa lugha za kule. Hapa mtihani ni kwa Kifaransa. Mtoto mwerevu wa miaka 12 anaweza kujiona mjinga kwa sababu ya lugha tu, na anaweza kukataa masomo kabisa. Mumtafutie mwalimu wa Kifaransa miezi ya kiangazi, kabla ya kutafuta pazia za nyumba. Na musione haya akirudishwa kalasi moja nyuma, mradi amuelewe mwalimu.

Leteni buletini zote, za miaka yote, zenye muhuri. Kwa watoto wa sekondari, muende mapema kwenye ofisi ya sou-divizio ya elimu muulize habari ya kulinganisha kalasi. Karatasi isiyopatikana mwezi wa tisa inakuwa kilio mwaka wa mtihani wa Serikali.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Serikali hayalipwi. Kalasi kwa hiyo zimejaa sana. Ya kulipa iko na minerval, tena kila moja na bei yake. Hatuwaambii muchague ipi. Tunasema: ingia kalasini, hesabu watoto na vibao, angalia choo cha wasichana, na muulize direkta swali hili: "Mvua ikipiga sana, watoto munawafanya nini?" Direkta aliye na jibu tayari, ni mtu aliyeshafikiri.

Musinunue mwaka wa kwanza

Mtu anarudi na feza kidogo alizokusanya miaka mingi. Jamaa wanamwambia nunua haraka kabla feza haijaisha. Sisi tunasema: panga kwanza, mwaka mmoja mzima. Uone mwezi wa nane na uone mwezi wa tano. Mvua zikishapita juu ya kichwa chako, hapo utanunua kwa akili.

Kwa kupanga, mujue kwamba sheria ya kupangisha nyumba ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kukaa: miezi mitatu. Wengine wanawaomba zaidi kwa sababu wanasikia munatoka nje. Jibuni kwa adabu, pamoja na sheria. Muandike mkataba, na muandike ndani yake nini kitafanyika nyumba ikiingia maji: garanti inarudi lini, kodi inasimama ao haisimami. Maneno ya mdomo yanasombwa na maji ya kwanza.

Kwa kununua, mukumbuke kwamba tangu sheria ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Wewe unapewa haki juu yake, na ile haki inalindwa na sertifika ya uandikishaji. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi ni mwanzo, si mwisho. Kwenye parsele za ufukoni muwe macho mara mbili: parsele moja imeuzwa kwa watu wawili, ao parsele yenyewe iko chini ya maji nusu ya mwaka. Muulize kwa shefu wa avenyu, kisha ofisi ya ardhi, kisha majirani wa pande zote nne. Musimwachie komisioneri peke yake. Yeye analipwa siku ile munapolipa, wala hakai pale mvua ikija.

Watoto na ziwa

Hatusemi muwafungie watoto. Mtoto wa Uvira asiyejua kuogelea yuko na hatari kuliko anayejua. Lakini watoto wenu waliokulia nje hawajui ziwa hili. Wamezoea bwawa lenye mlinzi, ao hawakuwahi kuona maji makubwa. Upepo wa kiangazi unainua mawimbi ghafula. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wa kichocho. Kwenye matete kuna vile tulivyovitaja.

Kwa hiyo wawe na mkubwa, fasi ya wazi ambapo wavuvi wenyewe wanaoga, mchana, si magharibi. Watoto wa jirani watawafundisha mengi, ila musiwaachie watoto wa jirani kazi ya mzazi.

Yale tunayoahidi

Yule mama tuliyemtaja mwanzo anakaa leo juu ya barabara, vyumba viwili. Mtoto wake aliyerudia kalasi ya sita alifaulu mwaka uliofuata, akaendelea. Mama mwenyewe ndiye anayetembea na familia mpya tunapokwenda kuangalia nyumba. Tulimwomba, akakubali kwa sharti moja: tusimkatize akisema ukweli mbele ya mwenye nyumba. Wenye nyumba wengine hawamsalimu tena. Familia alizozizuia zinamsalimu sana.

Sisi komite tunaahidi mambo matatu. Hatutamwonyesha mtu nyumba ambayo hatujui ilivyokuwa 2021 na 2024. Kila kartiye tutakuwa na familia moja iliyokubali kupokea watoto wa wenzao siku mto umejaa, na majina yao tutayapeleka kwa madirekta. Na katika sanduku letu la kusaidiana tunaweka sehemu pembeni, kidogo kidogo, kwa familia inayolazimika kuhama katikati ya mwaka, ili ihamie karibu na masomo ya mtoto, isihamie tu pale jamaa alipo.

Kwenu tunaomba mambo mawili. Mukifika, musilipe garanti kabla ya kutembea njia ya mtoto pamoja na mmoja wetu. Na mwezi wa tano ukifika, hata kama nyumba yenu ni kavu, mushuke ufukoni muangalie maji yalipofika, mutuletee habari. Tunaziandika. Hizo habari njo zitawaongoza watakaorudi mwaka kesho, ili wasionyeshwe ziwa la mwezi wa nane peke yake kama tulivyofanya sisi.

 Mungu awalinde, na watoto wasome.